Kata, chomoa, ngoja, pima: matengenezo ya kompyuta karakanani

Umeme mwingi unaozunguka ndani ya kompyuta ya mezani ni wa volti 12 kushuka chini. Huo hauui mtu. Unaoua uko kwenye njia ya umeme wa ukutani, kuanzia soketi hadi ndani ya pawa saplai (kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti ndogo), na hubaki ndani ya pawa saplai hata baada ya kuichomoa. Kwenye kompyuta mpakato ongeza betri ya lithiamu, ambayo hatari yake ni moto. Mashine nayo ina adui wake, umemetuli unaobebwa na mwili wa fundi bila yeye kuuhisi. Mwanafunzi akishajua hatari iko wapi na haiko wapi, mikono hutulia na kazi hufundishika.

Umeme wa chumba kwanza

Watu wengi huamini kwamba breka iliyo ukutani inawalinda. Haiwalindi. Breka na fyuzi vimewekwa kwa ajili ya nyaya: hukata mkondo unapokuwa mkubwa kiasi cha kuyeyusha waya na kuwasha moto. Breka ya ampea 16 haina habari na miliampea 100 zinazopita kifuani mwa mtu. Mwilini, miliampea 1 husikika kama mwasho. Zikifika kama 10, misuli ya mkono hukaza na mtu hushindwa kuachia alichoshika. Kuanzia 50 hivi, zikipita kifuani kwa sekunde moja au zaidi, moyo unaweza kuanza kutetemeka badala ya kupiga.

Ndiyo maana meza za karakana zinahitaji swichi ya kinga inayolinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na kukata mara tofauti inapofika miliampea 30. Ina kitufe cha majaribio chenye herufi T. Kibonyeze kila mwezi. Isipokata, meza isitumike hadi fundi umeme aibadilishe. Ujue pia mahali inaposhindwa: ukishika waya wa moto (unaoleta umeme) kwa mkono mmoja na waya wa nyutro (unaourudisha) kwa mkono wa pili, bila mkondo wowote kuvuja kwenda ardhini, swichi hiyo itakuona kama balbu na haitakata.

Jambo la pili ni waya wa ardhi, unaounganisha kasha la chuma na ardhi. Pawa saplai nyingi zina kapasita (vipande vinavyohifadhi chaji) mbili ndogo za kuchuja kelele za umeme, moja kutoka waya wa moto kwenda kwenye kasha na nyingine kutoka nyutro kwenda kwenye kasha. Soketi ikikosa ardhi, kapasita hizo huliacha kasha katikati ya voltiji: kwenye umeme wa volti 230, multimita inaweza kusoma kama volti 115 kati ya bati la kompyuta na ardhi. Mkondo wake ni mdogo, kwa kawaida haufiki miliampea moja kwa mashine moja, lakini fundi anayepitisha vidole kwenye bati huhisi mwasho kama wa siafu. Dalili hiyo isizoeleke. Inakwambia kwamba ardhi haipo, na siku waya wa moto utakapogusa bati kweli, hakutakuwa na kitu cha kuukata. Kompyuta kumi zilizounganishwa kwa nyaya za mtandao zenye ganda la chuma, zote bila ardhi, hujumlisha mivujo yao. Bandari za USB na za skrini huungua kwa njia hiyohiyo, pale fundi anapochomeka kebo kati ya mashine mbili zenye voltiji tofauti kwenye mabati yake.

Kuhusu nyaya za kuongezea soketi, usichomeke moja ndani ya nyingine, na usitumie waya ukiwa umeviringwa kwenye gurudumu lake: joto halitoki, na plastiki hulainika kabla breka haijashtuka. Mzigo wenyewe ni hesabu rahisi ya wati kugawanya kwa volti. Kompyuta inayovuta wati 300 kwenye volti 230 huchukua ampea 1.3. Kompyuta sita na pasi ya kulehemu hazisumbui. Birika la chai la wati 2,000 kwenye soketi hiyohiyo linasumbua, na halipaswi kuwa mezani hapo.

Siku ya kwanza, kabla ya bisibisi

Kila anayeingia karakanani aonyeshwe swichi kuu, aizime mwenyewe, aiwashe mwenyewe. Mwenzako akinaswa na umeme, usimshike. Zima swichi kuu au chomoa plagi. Isipowezekana, msukume kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme, kama ufagio wa mpini wa mbao, nawe ukiwa umesimama pakavu. Kama hapumui kawaida na haitiki, ita msaada wa dharura na uanze kukandamiza katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefunzwa huongeza pumzi mbili kila baada ya mikandamizo 30. Aliyezinduka mwenyewe na kusema yuko salama bado apelekwe kwa daktari, hasa kama umeme uliingia mkono mmoja na kutokea mwingine, kwa kuwa hitilafu ya mapigo ya moyo haionekani kwa macho. Jeraha la moto lipozwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20, bila mafuta wala dawa ya meno.

Karibu na mlango, na si nyuma ya meza, kuwe na kizimamoto cha kabonidayoksaidi. Hakipitishi umeme na hakiachi unga kwenye mashine. Maji hayamwagwi kwenye kifaa ambacho bado kina umeme. Betri za lithiamu zina kanuni yake, tutaifikia.

Ondoa pete, saa ya chuma na mkufu. Pete iliyogusa volti 12 na bati kwa pamoja haikupigi shoti, lakini ampea 20 za pawa saplai huipasha hadi kuchoma kidole.

Multimita, na kosa linaloiharibu

Kwa kupima umeme wa soketi, tumia multimita iliyoandikwa CAT II (daraja la usalama) au zaidi, yenye nyaya zisizo na mipasuko. Waya mweusi hukaa kwenye tundu la COM siku zote. Waya mwekundu hukaa kwenye tundu la volti na omu. Kosa linaloharibu multimita, na wakati mwingine kuchoma uso, ni kuuacha waya mwekundu kwenye tundu la ampea 10 baada ya kupima mkondo, kisha kwenda kupima volti za ukutani. Tundu hilo ndani yake ni kama kipande cha waya mtupu: umeunganisha moto na nyutro moja kwa moja. Ukimaliza kupima mkondo, rudisha waya kwenye tundu la volti papo hapo.

Kuthibitisha kwamba mahali hapana umeme, vipimo ni vitatu: pima soketi unayojua ina umeme, pima mahali pako pa kazi, kisha rudi kupima ile soketi ya kwanza. Multimita yenye betri iliyokufa au waya uliokatika husema "sifuri" kwa utulivu uleule wa mahali salama. Kipimo cha tatu ndicho kinachokuhakikishia kwamba kifaa chako hakikufa katikati.

Kila kebo ya umeme inayofika na mashine ipimwe ikiwa imechomolewa pande zote mbili. Weka multimita kwenye mlio wa mwendelezo. Pini ya ardhi ya plagi na tundu la katikati upande wa kompyuta vilie pamoja; moto na moto, nyutro na nyutro vivyo hivyo; na pini mbili tofauti zisilie kamwe. Tikisa kebo kwenye shingo zake unapopima, kwa sababu hapo ndipo waya hukatikia. Kebo iliyopungukiwa na ardhi huwasha kompyuta vizuri kabisa, na ndiyo maana hakuna anayeigundua bila kupima.

Kabla ya kufungua

Hatua ni nne, na mpangilio wake haubadiliki:

1. Kata: zima kompyuta kwa njia ya kawaida, kisha zima swichi ya nyuma ya pawa saplai.
2. Chomoa: toa kebo ya umeme, na nyaya zote nyingine pia. Skrini, printa na waya wa mtandao vinaweza kuleta umeme kutoka kwingine.
3. Ngoja: bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki kwenye mazabodi (bodi kuu ya saketi) iishe. Taa ndogo ya mazabodi, kama ipo, izimike kabisa.
4. Pima: kama kazi yako inagusa njia ya umeme wa ukutani, fanya vipimo vitatu vilivyotajwa.

Kubonyeza kitufe humaliza chaji ya upande wa volti ndogo. Hakukuhakikishii chochote kuhusu kapasita kubwa iliyo ndani ya pawa saplai. Umeme wa volti 230 ukinyooshwa hufika volti 325, na pawa saplai zenye saketi ya kurekebisha mkondo huupandisha hadi karibu volti 380 au 400. Kapasita ya voltiji hiyo hushika chaji yake kwa dakika kadhaa, na kwa muda mrefu zaidi kizuizi (rezista) cha kuimwaga kikiwa kimekatika. Kwa hiyo mwanafunzi hafungui pawa saplai. Ikifa, hubadilishwa nzima. Vumbi lake hupulizwa kupitia matundu yake ikiwa imechomolewa.

Umemetuli

Mtu huhisi cheche ya umemetuli kuanzia kama volti 3,000. Baadhi ya vipande vya elektroniki huharibika kwa volti zisizofika 100. Katikati ya namba hizo mbili ndipo mashine nyingi huuliwa bila mtu kujua, na mbaya zaidi ni kile kipande kilichojeruhiwa tu, kikafanya kazi wiki tatu, kisha kikaanza kuganda ovyo. Fundi hulitafuta kosa kwenye programu asilipate.

Bangili ya umemetuli huvaliwa ikigusa ngozi, si juu ya shati, na klipu yake hushikwa kwenye chuma kitupu kilichounganishwa na ardhi ya meza. Rangi ya kasha haipitishi umeme, hivyo kuibana klipu kwenye bati lililopakwa rangi ni sawa na kutovaa bangili. Ndani ya waya wake mna kizuizi cha megaomu 1. Usikitoe na usitengeneze bangili ya waya mtupu: kizuizi hicho ndicho kinachofanya volti 230 zikikugusa zipitishe kupitia bangili chini ya robo ya miliampea. Hata hivyo, bangili huvuliwa kabla ya kupima kitu chochote chenye umeme wa ukutani.

Bila bangili, gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa kipande chochote, na rudia kila unapoinuka kitini. Shika kadi kwa kingo. Hali ya hewa kavu huongeza hatari. Unyevu wa asilimia 40 hadi 60 chumbani huipunguza sana.

Mfuko wa rangi ya fedha unaokuja na mazabodi hulinda kilicho ndani yake, na uso wake hupitisha umeme kiasi. Usiwashe mazabodi ikiwa imelazwa juu ya mfuko huo. Tumia boksi lake la karatasi.

Kusafisha

Vumbi hufunika hitisinki (chuma kinachopoza prosesa, yaani ubongo wa kompyuta) na kuzuia joto kutoka, na likinyonya unyevu hupitisha umeme kati ya pini. Anza kwa brashi laini, kisha hewa. Kila feni ishikwe kwa kidole au kijiti isizunguke unapopuliza: feni inayozungushwa na hewa hugeuka jenereta ndogo inayorudisha umeme kwenye mazabodi, na hukimbia kasi ambayo bearingi zake hazikutengenezewa. Mkebe wa hewa ushikwe wima. Ukiuinamisha hutoa kimiminika baridi kinachoweza kupasua plastiki. Kompresa ya karakana za magari inafaa tu ikiwa na chujio la maji na shinikizo limepunguzwa hadi karibu ba 2. Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani isiingie ndani ya kasha, kwani ncha yake ya plastiki hujaza umemetuli kila inapopita.

Kwa mafuta na uchafu ulioganda tumia spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ya asilimia 70 ina maji mengi mno. Mvuke wake huwaka kwa urahisi, hivyo dirisha liwe wazi na pasi ya kulehemu iwe imezimwa na kupoa. Acha dakika 15 kabla ya kurudisha umeme.

Katika kufungua huko, skrubu huchanganywa kuliko kitu kingine chochote. Nene, zenye nyuzi zilizoachana, za kipimo cha 6-32, ni za pawa saplai, kasha na diski ya inchi 3.5. Nyembamba za M3 ni za SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya inchi 2.5 na kisomaji cha CD. Ndogo kabisa, M2, hushika SSD bapa ya M.2. Skrubu ya 6-32 iliyolazimishwa kwenye tundu la M3 huliharibu milele. Kwenye kompyuta mpakato tofauti ya urefu ni hatari zaidi, kwa sababu skrubu iliyozidi milimita mbili hutoboa mazabodi au hubonyeza kioo kwa ndani. Chora umbo la mashine kwenye karatasi na uchomeke kila skrubu mahali pake kwenye mchoro. Hutumia dakika moja, huokoa mashine.

Joto na prosesa

Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 95 hadi 105 za Selsiasi, na baadaye mashine hujizima. Mteja huja akisema kompyuta imekuwa nzito. Soma joto kabla ya kufungua na baada ya kufunga, ili ujue kama kazi yako imesaidia.

Kabla ya kung'oa hitisinki, iwashe mashine kwa dakika tano au kumi ili pesti ya joto ilainike, kisha rudia zile hatua nne. Pesti iliyokauka hushika kama gundi. Kwenye prosesa zenye pini upande wa chini, ukivuta hitisinki wima prosesa hutoka nayo kutoka kwenye soketi iliyofungwa, pini zikipinda. Zungusha hitisinki kidogo kushoto na kulia hadi iachie, ndipo uinue. Prosesa zisizo na pini huwa na pini laini kwenye soketi ya mazabodi. Usipitishe kitambaa hapo hata mara moja.

Futa pesti ya zamani yote, pande zote mbili, kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Weka mpya katikati, kiasi cha njegere ndogo, upana wa milimita 4 au 5. Pesti kazi yake ni kujaza mikwaruzo isiyoonekana kati ya chuma na chuma. Ikiwa nene huwa blanketi. Kaza skrubu kwa mpangilio wa msalaba, mizunguko miwili miwili. Ukikaza kona moja hadi mwisho, upande mwingine huinuka. Mwisho rudisha waya wa feni ya prosesa, maana husahaulika mara nyingi.

RAM na betri ndogo

RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) iliyolegea ndiyo sababu ya kawaida ya mashine kuzunguka feni bila kuonyesha picha. Itoe, futa miguu yake ya dhahabu kwa spiriti, irudishe hadi klipu ziruke zenyewe. Wengi hutumia kifutio cha penseli; hufanya kazi, lakini hukwangua dhahabu na kuacha vumbi lake kwenye tundu, hivyo kisiwe desturi. RAM za aina ya DDR4 na DDR5 za kompyuta ya mezani zote zina pini 288 ila mwanya wao hauko mahali pamoja. Kama haiingii, usiisukume.

Tarehe inayorudi nyuma kila ukichomoa mashine inaonyesha betri ya CR2032 imechoka. Mpya husoma volti 3 na kidogo. Chini ya 2.7, badilisha. Alama ya kujumlisha hutazama juu.

Kupima pawa saplai bila kuifungua

Chomoa nyaya zake zote kutoka kwenye mazabodi na vifaa. Ikiwa bado imechomolewa ukutani, unganisha kwa kipande cha waya pini ya waya wa kijani na pini ya waya wowote mweusi kwenye konekta kubwa ya pini 24. Kama nyaya zote ni nyeusi, ya kijani ni pini ya 16. Sasa chomeka na washa. Feni ikizunguka, multimita kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC), mweusi kwa mweusi, pima:

- njano: volti 12, inakubalika kati ya 11.4 na 12.6
- nyekundu: volti 5, kati ya 4.75 na 5.25
- rangi ya chungwa: volti 3.3, kati ya 3.14 na 3.46
- zambarau: volti 5, hata kabla ya kuunganisha waya wa kijani
- kijivu: karibu volti 5 sekunde moja baada ya kuwaka, maana yake pawa saplai imejikagua na kuridhika

Baadhi ya kampuni hutengeneza pawa saplai za muundo wao zenye konekta tofauti. Kwa hizo, jedwali hili halifai bila mchoro wa mtengenezaji.

Pawa saplai inaweza kusoma vizuri ikiwa haina mzigo na kuanguka ikipewa kazi. Kwa hiyo rudia kipimo cha njano na nyekundu mashine ikiwa imewaka, ukiingiza ncha ya kipimo kwa nyuma ya konekta, mkono mmoja tu ukifanya kazi. Ikishuka hadi 11.2 mara diski na kadi ya picha vinapoanza kufanya kazi, umempata mkosaji. Pawa saplai za zamani huwa na swichi nyekundu ya nyuma ya 115 na 230. Iliyowekwa 115 ikichomekwa kwenye volti 230 hupasuka kwa kishindo papo hapo. Itazame kabla ya kuchomeka, kila mara.

Haiwaki

Anayebadilisha vipande kwa kubahatisha huharibu vipande vizuri. Anza nje kuelekea ndani: soketi, kebo, swichi ya nyuma, kisha volti 5 za waya wa zambarau. Zikiwepo, toa kila kitu hadi ibaki mazabodi, prosesa na hitisinki yake, RAM moja na pawa saplai. Gusanisha pini mbili za kitufe cha kuwashia kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Ikiwaka, kitufe cha kasha au kimoja kati ya ulivyovitoa ndicho kibovu. Rudisha kimoja kimoja.

Feni zinazozunguka nusu sekunde na kusimama huashiria shoti. Itafute kwenye skrubu iliyoanguka chini ya mazabodi, au nguzo ya shaba iliyowekwa mahali ambapo mazabodi haina tundu. Feni zikizunguka bila picha wala mlio, angalia kwanza konekta ya pini 4 au 8 karibu na prosesa. Bila hiyo, prosesa haina umeme kabisa ingawa kila kitu kinaonekana kuwaka.

Kapasita za mazabodi zenye vichwa vilivyovimba au kuvuja uchafu wa kahawia zimekufa. Anayejua kulehemu aweke zenye mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, za nyuzi 105, na achunge upande wa hasi. Kila nyuzi 10 za joto zinazopungua, kapasita ya aina hii huishi takriban mara mbili, na ndiyo maana zilizo karibu na hitisinki hufa kwanza.

Diski inayogonga haifunguliwi. Ikiwa bado inasomeka, nakili data kabla ya jaribio lolote lingine, kisha soma taarifa zake za SMART (ripoti ya diski kuhusu afya yake): namba 5, 197 na 198 zikiwa zinapanda siku hadi siku, diski inaondoka.

Betri ya kompyuta mpakato

Ukishafungua kifuniko cha chini, kitu cha kwanza kuchomoa ni konekta ya betri, kwa kijiti cha plastiki. Kabla ya hapo mazabodi ina umeme hata kama mashine imezimwa.

Betri iliyovimba imejaa gesi. Isibonyezwe, isitobolewe, isichajiwe, na isibanduliwe kwa bisibisi. Gundi yake hukatwa kwa uzi au kadi ya plastiki taratibu, kisha betri huwekwa kwenye chombo cha chuma chenye mchanga mkavu, nje ya jengo, hadi ipelekwe panapokusanywa taka za betri. Ikianza kuzomea au kutoa moshi, watu watoke kwanza, kwa kuwa moshi huo ni sumu. Kabonidayoksaidi huzima miali lakini haipozi seli, nazo huwaka upya. Kwa betri ndogo ya aina hii, iliyochomolewa kwenye umeme, kinachofaa ni maji mengi ya kupoza, ukiwa mbali.

Kabla ya kumrudishia mwenyewe

Inua kasha na ulitikise taratibu, sikiliza kama kuna skrubu inayogonga. Hesabu skrubu zilizobaki mezani. Washa mashine wazi, tazama feni zote, iache ifanye kazi nzito kwa nusu saa huku ukisoma joto, ndipo ufunge.

Kisha chomoa, weka multimita kwenye omu, gusanisha ncha zake na uandike zinasoma ngapi. Pima kati ya pini ya ardhi ya plagi na skrubu tupu ya kasha, toa upinzani wa nyaya za multimita, jibu liwe chini ya omu 1. Namba hiyo iandikwe kwenye daftari la kazi pamoja na tarehe, kando ya volti za njano na nyekundu. Mashine ikirudi baada ya miezi sita, utakuwa na cha kulinganisha.